Imani Katika Miaka ya Dhiki: Dar es Salaam na Mwambao Wake, 1905 hadi 1925

Mtu asimamaye Feri alfajiri, pale ambapo pantoni huvusha watu baina ya mji wa Dar es Salaam na Kigamboni, husikia mengi kabla ya kuona. Adhana hutoka misikitini. Siku ya Jumapili hufuata kengele za makanisa mawili yaliyojengwa karibu na bandari tangu zama za Wajerumani, moja la Kilutheri na moja la Kikatoliki. Na chini ya sauti hizo madalali wa samaki hunadi bila kupumzika. Mahali hapa pana majina zaidi ya moja. Wapendao Kiswahili cha asili husema Kivukoni; wengine husema Magogoni; lakini abiria, mvuvi na mchuuzi husema Feri, neno la Kiingereza lililokwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili.

Mtu akiiacha bahari nyuma yake na kushika njia ya magharibi, baada ya mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu hufika Kariakoo. Jina hili nalo lilitoka kwa Waingereza. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi lao katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilipiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa. Yafaa kuangalia kwamba majina yote mawili ni ya uchukuzi: moja la chombo kichukuacho watu majini, la pili la watu waliochukua mizigo nchi kavu mpaka maelfu yao wakafa. La kwanza lingali likitumika kwa maana yake. La pili limeipoteza maana yake kabisa, na anunuaye nyanya Kariakoo leo hana habari kwamba anatamka jina la msiba.

Wanahistoria wa mji huu wameandika sana juu ya bandari, reli, biashara na siasa. Juu ya imani wameandika kwa kugusa tu, kana kwamba kumwamini Mungu ni desturi isiyo na tarehe. Lakini imani nayo ina tarehe zake. Iko miaka ambayo ni jambo jepesi, kwa kuwa mvua imenyesha na watoto wamelala wameshiba. Na iko miaka ambayo neno lile lile huwa zito kutamkwa. Miaka 20 iliyoanza 1905 ilikuwa ya namna hii ya pili kwa watu wa Dar es Salaam, wa Uzaramo na wa mwambao wote wa karibu. Vilipita vita viwili, njaa zilizofuata vita hivyo, na maradhi yaliyofuata njaa. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Uislamu ulienea kutoka miji ya pwani hadi vijiji vya ndani kwa kasi ambayo haikuonekana kabla yake, na jumuiya ndogo za Kikristo, ambazo wengi walidhani zitakufa pindi Wazungu wake watakapoondoka, hazikufa.

Sababu moja husemwa mara kwa mara, nayo ni kwamba mtu mwenye shida humkimbilia Mungu kama mtoto amkimbiliavyo mama yake. Maneno haya ni ya kweli kwa kiasi, lakini hayatoshi. Mtu mwenye shida aweza pia kumwacha Mungu, na wengi wamefanya hivyo katika kila nchi na kila karne. Ili kuelewa yaliyotokea hapa ni lazima kuanza na imani nyingine, ile iliyovunjika.

Mwishoni mwa Julai mwaka wa 1905 watu wa Umatumbi, kusini ya mto Rufiji, waliinuka dhidi ya serikali ya Kijerumani. Walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, na viboko vya maakida. Vita vilivyoanza hapo vilienea mpaka Ungoni na Uluguru, na vikagusa sehemu za kusini za Uzaramo. Kilichowaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja kilikuwa dawa ya maji, iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe. Aliyeipata aliahidiwa kwamba risasi za Wajerumani hazitamdhuru, zitageuka maji. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mapema Agosti mwaka ule ule, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, na watu wakaendelea kupigana kwa imani yake kwa miaka miwili.

Risasi hazikugeuka maji. Na baada ya risasi Wajerumani walitumia silaha iliyo mbaya kupita bunduki: walichoma vijiji, walichukua akiba ya chakula, na waliharibu mashamba, wakaiacha njaa imalize kazi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya habari za vita hivi kutoka kwa wazee waliovishuhudia, alikadiria kwamba waliokufa walikuwa baina ya 250,000 na 300,000, wengi wao si kwa vita bali kwa njaa.

Wako waliotumia habari hii kumcheka Mwafrika wa zama zile. Kicheko hicho ni cha mtu asiyefikiri. Dawa ya maji ilifanya jambo ambalo hakuna sultani wa nchi hizo aliyewahi kulifanya: ilimfanya Mmatumbi na Mngoni, waliokuwa wageni kwa kila mmoja, wahesabu adui yao kuwa mmoja, na nusu karne baadaye wanasiasa wa Tanganyika walikumbuka hilo kwa heshima. Hata hivyo mtu wa kuchunguza imani hana budi kusema wazi kwamba dawa ile ilikuwa na ahadi, na ahadi hiyo ilikuwa ya mwili. Ilisema: amini, nawe hutaumia. Imani ya namna hii hubeba kifo chake tumboni, kwa sababu siku muumini atakapoumia, na lazima ataumia, imani yake na jeraha lake haviwezi kukaa pamoja.

Basi waliosalia baada ya 1907 walikuwa watu waliokwisha kuonja ahadi na kuiona ikivunjika. Hao ndio waliosilimu kwa wingi, na baadhi yao wakabatizwa. Hawakuwa watoto wa kudanganywa kwa mara ya pili. Dini walizozishika hazikuwaahidi kwamba hawataumia. Kinyume cha hayo, zote mbili ziliwaambia kwamba wataumia, na kwamba manabii wenyewe waliumia kabla yao. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu aliyezika wanawe hakutafuta tena dawa ya kuzuia mauti. Alitafuta neno ambalo angeweza kulisema kaburini bila kuona haya.

Mwaka wa 1908 ilionekana dalili moja ya njaa hii ya moyo. Barua ilianza kuonekana katika miji ya pwani, kwanza upande wa Lindi, kisha ikanakiliwa na kusomwa misikitini kutoka mji hadi mji. Ilisemekana imetoka Makka, na ilieleza ndoto ya mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina: kwamba siku ya mwisho imekaribia, kwamba watu wameiacha sala, na kwamba watubu. Misikiti ilijaa. Wajerumani walishikwa na hofu, wakaona ndani yake mbegu ya vita vipya, na baada ya upelelezi waliamini kwamba iliyasambaza maneno hayo jamaa ya Rumaliza, tajiri wa zamani wa Ujiji aliyekuwa akiishi Unguja. Huenda walikuwa na haki kuhusu aliyeisambaza. Lakini mpelelezi hujua njia ya barua, hajui kwa nini msomaji wake alilia. Barua ile ilijibu swali lililokuwa likiulizwa katika kila nyumba, yaani kwa nini mambo haya yametupata, na jibu lake lilikuwa rahisi: yametupata kwa dhambi zetu.

Jibu hilo ni la kale kama mwanadamu, na lina udhaifu wake. Humfanya aliyeonewa ajihesabu kuwa mkosaji. Mama aliyekufa njaa Umatumbi kwa sababu askari walichoma ghala lake hakuwa mwenye dhambi kuliko afisa aliyetoa amri. Vitabu vyenyewe vya dini vinalijua jambo hili, ndiyo sababu vikaweka ndani yake habari za Ayubu, ambaye aliteswa bila kosa. Katika Biblia Ayubu ana kitabu kizima cha sura 42, na katika sehemu kubwa ya kitabu hicho anabishana na rafiki zake, ambao wanasisitiza kwamba lazima amekosa. Katika Kurani habari zake ni za aya chache, naye husema machache: kwamba dhara imempata, na kwamba Mola wake ni mwenye kurehemu. Washairi wa pwani walimpenda, na uko utenzi wa Kiswahili wenye jina lake. Mtu wa Feri, awe Mwislamu au Mkristo, alimjua Ayubu kabla ya kumjua mfalme yeyote wa Ulaya. Ayubu si mtu aliyesalimika na maumivu. Ni mtu ambaye maumivu hayakumwondoa alipokuwa amesimama.

Miaka saba baada ya Majimaji kwisha vita vikaja mjini kwenyewe. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na mwishoni mwa Novemba meli nyingine zikaupiga mji kwa mizinga hata ikulu ya gavana ikaharibika. Ikulu ya sasa ilijengwa juu ya magofu yake mwaka wa 1922. Serikali ya Wajerumani ilihamia bara. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia mjini. Kwa mabwana wa zamani huo ulikuwa mwisho wa vita katika Dar es Salaam. Kwa mtu mweusi mwenye mabega mawili ulikuwa mwanzo.

Jeshi la Kiingereza lilimfuata Jenerali Lettow-Vorbeck kuelekea kusini, mahali pasipo na reli wala barabara, na penye mbung'o wauao farasi na ng'ombe. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilichukuliwa kichwani. Wapagazi waliletwa kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na kila pembe ya Tanganyika, mara nyingi kwa nguvu. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo upande wao, wala hawakuandika hesabu. Maofisa wa Kiingereza waliandika vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba hesabu hiyo ni ndogo mno, nao huikaribisha na laki moja. Walioanguka kwa risasi walikuwa wachache. Kuhara damu, homa ya mapafu na malaria ndizo zilizowaua, pamoja na unga wa mahindi usioiva vizuri, ambao watu waliozoea ndizi au mtama matumbo yao hayakuweza kuustahimili.

Kabla wachukuzi hawajarudi makwao likaja balaa jingine. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliingia kwa meli na kwa reli, ikaua makumi ya maelfu katika Tanganyika. Bara, katika Ugogo, ilikuwapo njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya, iliyoanza 1917 na kuendelea mpaka karibu na 1920.

Watu hawa waliwazikaje wafu wao? Swali hili si la pembeni, kwani imani ya watu hupimwa zaidi mazikoni kuliko penginepo. Jibu ni kwamba wengi hawakuzikwa na watu wao hata kidogo. Kijana aliyeondoka Uzaramo na mzigo kichwani alifia njiani, akafukiwa kando ya njia bila kuoshwa, bila sanda, bila jina. Karne moja baadaye, mwezi Aprili mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile. Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu iliyozinduliwa 1927. Juu yake amesimama askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa chini kwa maandishi. Umbo lake halimo.

Lakini lile ambalo serikali haikulifanya, watu walikuwa na njia ya kulifanya. Uislamu wa pwani, ambao ni wa madhehebu ya Shafii, una sala ya maiti wa mbali, isiyohitaji jeneza wala kaburi. Na una hitima, ambapo watu huketi mkekani, hugawana Kurani juzuu kwa juzuu, huisoma mpaka mwisho, kisha thawabu yake humwombewa marehemu kwa jina lake. Wakatoliki wana misa ya wafu. Walutheri, ambao mafundisho yao hayana sala ya namna hiyo, walikuwa na wimbo na neno la ufufuo. Mambo haya mtu wa nje huyaona kuwa ada za kawaida. Katika miaka ile hayakuwa ya kawaida. Mama ambaye hakupewa na serikali hata karatasi ya kumwambia mwanawe amefia wapi, aliweza kulitaja jina la mwanawe mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa kazi ambayo imani hufanya wakati wa dhiki. Haikumrudisha kijana, bali ilizuia asiwe si mtu.

Wawili katika watu wa zama hizo majina yao yamesalia katika historia, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, nao wamefanana kwa namna ya kushangaza.

Wa kwanza ni Martin Ganisya. Hakuwa Mzaramo, asili yake ilikuwa nchi za upande wa Ziwa Nyasa. Alikuwa mtumwa akakombolewa, akaingia katika misheni ya Kilutheri ya Dar es Salaam, akasoma, akawa mwalimu. Misheni hiyo ilianza mjini mwaka wa 1887, na tangu mwanzo wake ilikula chumvi ya taabu, kwa kuwa vita vya Bushiri viliikuta ingali changa. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini huko Pugu, jirani yake, ilichomwa na wamisionari watatu wakauawa. Baadaye Walutheri walijenga Kisarawe na Maneromango, na mwaka wa 1903 kazi yote ya Uzaramo ilikabidhiwa kwa Misheni ya Berlin. Wakristo wake wa kwanza hawakuwa watu wenye ukoo na mashamba. Wengi walikuwa kama Ganisya: watoto waliotolewa majahazini na katika misafara, wasio na wazazi wala kaburi la babu la kwenda kutambika.

Waingereza walipoingia, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuzuiliwa, na kufika 1920 walikwisha kurudishwa kwao. Fedha za Berlin zilikatika. Palibaki makanisa, shule, mashamba ya misheni yaliyowekwa chini ya ulinzi wa serikali kama mali ya adui, na walimu wasio na mshahara. Uongozi wa Walutheri wa Dar es Salaam na Uzaramo ukawa mikononi mwa Martin Ganisya na wenziwe. Wengi wa walimu hao hawakuwa wamewekewa mikono, kwa hiyo kwa sheria za kanisa lao wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kutoa chakula cha Bwana. Walizungukwa na Waislamu walio wengi, ambao wangeweza kuwauliza, bila ubaya wowote, kwa nini wanashika dini ya watu walioshindwa vita na kukimbia. Njia ya kuiacha ilikuwa wazi na hapana aliyewazuia. Ndiyo maana miaka ile ni kipimo cha haki. Kabla ya 1916 adui wa misheni angeweza kusema kwamba Mkristo wa Uzaramo anafuata shule, nguo na kazi. Baada ya 1916 hapakuwa na nguo wala kazi ya kufuatwa; waliobaki walibaki kwa jambo jingine.

Mtu wa pili aliishi Bagamoyo, mji ambao majahazi ya wavuvi huufikia kutoka Dar es Salaam kwa kufuata pwani ya kaskazini. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah, naye alijulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, katika Kongo ya mashariki, akaletwa pwani mtumwa, akawa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, aliyekuwa liwali wa Bagamoyo. Alianza maisha yake na biashara ndogo ya samaki, akapanda minazi, akapata mali kidogo. Na pamoja na hayo yote alitafuta elimu kwa masheikh wa mji mpaka akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kadiria. Katika mji ule wa masharifu na mamwinyi, wenye kuhesabu nasaba kama tajiri ahesabuvyo fedha, mtu aliyekuja na pingu aliketi mbele na watu wa nasaba wakaketi nyuma yake kumsikiliza. Mwaka wa 1916, mji ulipotwaliwa na Waingereza, walimfanya liwali, cheo kile kile alichokuwa nacho bwana wake.

Hapana ushahidi kwamba Ganisya na Ramiya walipata kuonana, na kwa mambo ya mafundisho wangepingana katika mengi makubwa. Lakini wote wawili walifika pwani bila kitu. Wote walikuwa wametengwa na mizimu ya kwao, lugha ya kwao na jina la baba. Katika mwaka mmoja, 1916, mambo ya waumini wa mji mzima yaliwaangukia mikononi kwa sababu wenye nguvu wa kwanza walikuwa wamekimbia au wameshindwa. Si bahati nasibu kwamba watu waliokwisha kupoteza vyote ndio walioweza kusimama wakati wengine walipoanza kupoteza. Walikuwa wameyapitia mapema.

Hapa pana hoja isiyofaa kufichwa. Watawala, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, walipenda mno kumsikia Mwafrika akisifu subira. Mtu mwenye subira hulipa kodi na hanung'uniki. Wako wasomi, hasa katika miaka ya baada ya uhuru, waliosema kwamba dini katika zama za ukoloni ilikuwa kilevi cha wanyonge. Hoja hii ina nguvu, na haijibiwi kwa kuikasirikia. Cheo cha Ramiya chenyewe chaweza kutolewa ushahidi, kwa kuwa liwali alikuwa mtumishi wa serikali. Hata hivyo mwenye hoja hupaswa kueleza kwa nini serikali hizo hizo zilikuwa na hofu. Mbona Wajerumani walitetemeka kwa barua moja ya ndoto mwaka wa 1908, ikiwa toba ni kilevi? Mlevi haogopwi.

Lugha yenyewe yaweza kusaidia hapa. Kiswahili kina neno subira na kina neno unyonge, wala mswahili hayachanganyi. Mnyonge ni yule asiyekuwa na la kufanya. Mwenye subira ana la kufanya, naye analifanya polepole. Kadhalika tawakali, ambayo watu wavivu huitumia kama mto wa kulalia, masheikh hufundisha kwamba huja baada ya kumfunga ngamia, si kabla yake. Ganisya hakukaa barazani kungoja Berlin irudi. Palikuwa na Jumapili ya kusimamiwa, watoto wa kusomeshwa na wafu wa kuzikwa, na pesa hapakuwa. Ramiya alitembeza samaki. Imani yao ilionekana katika kazi zenye kurudiwa kila siku, ambazo mwandishi wa tarehe huzidharau kwa kuwa hazina kishindo. Yamkini hiyo ndiyo sababu habari zake zimeandikwa kidogo.

Na si haki kusahau upande wa pili. Katika wapagazi waliorudi, wako ambao bila shaka walirudi wakiwa hawana la kumwambia Mungu, na katika wajane wako waliokaa kimya wakati wenzao wakisema amina. Historia haikuandika majina yao. Kuwataja si kuwalaumu. Ni kuonyesha kwamba wale walioshika imani hawakuishika kwa mazoea, kwa maana palikuwa na sababu za kutosha za kuiacha, na kila mtu alizijua.

Mwaka wa 1923 jumba kubwa ambalo Wajerumani walilijenga karibu na kuanza kwa vita, na ambalo wapagazi walilala ndani yake, lilifunguliwa kuwa soko, na watu wakauza mihogo na samaki wa Feri mahali walipolala wagonjwa wa kuhara damu. Soko lililopo sasa, kazi ya mhandisi wa majumba Beda Amuli, lilichukua nafasi ya lile la kwanza mwaka wa 1975, nalo liliungua Julai 2021.

Marufuku ya wamisionari wa Kijerumani iliondolewa mwaka wa 1925. Watu wa Berlin waliporudi Dar es Salaam na Uzaramo walikuja wakifikiri wataanza upya, maana kwa karibu miaka kumi hapakuwa na Mjerumani wa kuwaongoza Walutheri wa huko. Walikuta walimu wakifundisha, na siku ya Jumapili watu wakikusanyika. Sheikh Ramiya alifariki Bagamoyo mwaka wa 1931, na maulidi ya nyumba yake yaliendelea kuwavuta watu wa mwambao, Wazaramo na Wamanyema na wenye asili za Kiarabu, wakiwamo waliotoka Dar es Salaam.